Twisheni ya Mbagala: maksi zinapanda kweli, ila kuelewa bado

Wazazi wenzangu mnaotafuta twisheni ya fomu foo, wa kwangu anasoma moja huku Mbagala, jina naliacha. Banda la mabati, mabenchi, ubao mmoja, buku kwa kipindi unalipia mlangoni, likizo wanajaa mpaka wengine wanaandikia dirishani.

Kwa maksi hela yako hailiwi bure. Walimu wanaijua mitihani ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, nje ndani, pasti pepa za miaka kibao, swali gani linapenda kurudi na linajibiwaje. Dogo bailojia alikuwa na D, moki kapata B, na divisheni si inahesabiwa kwa masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi, A pointi 1 mpaka F pointi 5, divisheni wani, ile ya juu kabisa, inaishia pointi 17, kwa hiyo hapo pointi 2 kashaokoa, naelewa kabisa kwa nini watu wanajazana pale.

Sasa shida. Juzi natengeneza kachumbari, nimetia chumvi maji yakaanza kujaa bakulini, nikamuuliza haya maji yanatolewa na nini? Kimya. Nikasema haya niambie osmosisi ni nini, akaitiririsha kwa Kiingereza chote bila kukwama, vilevile kama ilivyoandikwa ubaoni. Yani chumvi kuyavuta maji ya kwenye mboga ndo osmosisi yenyewe, ila vitu viwili hivyo hakuna aliyewahi kumuunganishia, na inaniuma kweli. Mwalimu simbebeshi lawama zote maana na yeye anapimwa kwa matokeo hayohayo, nchi nzima pepa moja, muda mmoja. NECTA waliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora Januari 2023, nikashangilia, lakini mabango ya watoto wenye wani ya 7 bado yananing'inia mlangoni pale.

Wa hesabu ndo nampa maua yake. Fomula haandiki, anamwita mtoto ubaoni, akikosea hamfuti, anawauliza wengine kakosea wapi na kwa nini, swali moja linaweza kula nusu saa. Dogo akirudi siku hiyo anakuja kunifundisha mimi. Afu kuna wazazi wanamlalamikia eti hamalizi silabasi, wengine washahamisha watoto, jamani!

Mi nimembakizia hesabu tu, bailojia tunapambana nayo nyumbani. Ukienda, wahi Jumamosi asubuhi, na uombe ukae benchi la nyuma kipindi kimoja kabla hujatoa hela.