Miaka miwili katika duka la bei nafuu Ujerumani: tathmini ya mwajiri kutoka upande wa keshia

Maoni mengi kuhusu maduka ya vyakula ya bei nafuu huandikwa na wateja, ambao husifu bei ya maziwa na kulalamikia urefu wa foleni. Haya yanaandikwa na mtu aliyekaa mwisho wa foleni hiyo, kwani nilifanya kazi kwa miaka miwili na miezi michache katika tawi la kampuni ya aina hiyo katika eneo la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye kwa mkataba wa kudumu. Jina la kampuni nitalihifadhi, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema si ya kumpendeza mwajiri, na pia kwa sababu wenzangu waliotoka kwa washindani wake walikuwa na simulizi zilizofanana mno na zangu.

Mtindo huu wa biashara ni mwenyeji wa eneo hilo hilo. Mama yao Karl na Theo Albrecht, ndugu walioanzisha kampuni ya Aldi, alifungua duka dogo huko Schonnebeck, mjini Essen, mwaka 1913, na wanawe wakalishika mwaka 1946, nchi ikiwa imetoka vitani na watu wakihesabu kila senti. Jina la Aldi, lililounganishwa kutoka Albrecht na Diskont, yaani duka la bei nafuu, lilianza kutumika mwaka 1962, wakati ndugu hao wakiwa tayari wamegawana matawi ya kaskazini na ya kusini, kwa ugomvi ambao husimuliwa kuwa chanzo chake kilikuwa kama wauze sigara au wasiuze. Duka la kwanza la Lidl, mshindani wao, lilifuata mwaka 1973 huko Ludwigshafen. Wote wanafuata hesabu moja: supamaketi kubwa ya kawaida hubeba makumi ya maelfu ya aina za bidhaa, ilhali duka la bei nafuu hutosheka na elfu chache, na kila bidhaa huwekwa kwenye rafu ikiwa ndani ya katoni yake, ili pasiwe na mtu wa kupanga pakiti moja moja. Toroli hufunguliwa kwa sarafu ya euro moja, na mteja hulirudisha mwenyewe ili aipate sarafu yake. Msimbo wa bei, ile mistari inayosomwa na mashine, huchapwa mkubwa, mara nyingi pande kadhaa za pakiti, ili keshia asihangaike kuigeuza. Kwa mteja hizo ni senti alizookoa; kwa mwajiri ni dakika za mfanyakazi ambazo hatazilipia, na ukilielewa jambo hilo siku ya kwanza hutashangazwa na mengi yatakayofuata.

Zamu ya asubuhi ilianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa moja na nusu kabla ya mlango kufunguliwa. Katika muda huo watu watatu, na siku mbaya wawili, walipaswa kukagua matunda na mboga na kuondoa yaliyooza, kujaza friji ya maziwa, kuoka mikate iliyoletwa ikiwa imegandishwa, na kutoa paleti kutoka ghalani kwa jeki ya umeme ambayo Wajerumani huiita Ameise, yaani sisimizi. Jina hilo linaisadifu mashine, kwa maana hubeba mzigo unaoizidi uzito mara kadhaa, lakini mzigo ukishafika mbele ya rafu anayeubeba ni wewe. Katoni za maji na za juisi ndizo zilizoniumiza mgongo. Siku za Jumatatu na Alhamisi ziliongezeka bidhaa za wiki, ambazo hukaa katikati ya duka na hazina uhusiano wowote na chakula: ngazi, vikaangio, nguo za kulalia, mara moja hata vifaa vya kutelezea thelujini, ambavyo mimi niliyekulia Tanga nilivipanga kwa uangalifu bila kujua kipi huvaliwa wapi.

Kazi yenyewe hasa ni ya keshia. Hadi karibu mwaka 2000 makeshia wa Aldi walikariri namba za bidhaa na kuzibonyeza kwa vidole, na wazee wa kazi husema walikuwa wepesi kuliko mashine za kusoma msimbo zilizokuja kuchukua nafasi yao. Sisi tulikariri za matunda, mboga na mikate tu, lakini kasi iliyotarajiwa ilibaki ile ile. Eneo la kuwekea vitu baada ya kusomwa ni finyu kwa makusudi: mteja anatakiwa kurudishia bidhaa kwenye toroli papo hapo, kulipa, kisha kwenda kufunga mizigo yake kwenye meza iliyo ukutani. Mashine iliandika kasi ya kila keshia, na mwisho wa wiki meneja alituonyesha nani yuko juu na nani yuko chini. Hatukutozwa faini, wala hatukugombezwa kwa sauti, orodha ilitosha. Zaidi ya kasi, ilitubidi kusalimia kila mtu, kuchungulia ndani ya kila toroli, na kukumbuka kwamba miongoni mwa wateja alikuwamo mmoja aliyetumwa na ofisi kuu, ambaye alificha kitu kidogo chini ya kreti ya maji ili aone kama tungekigundua. Mimi nilinaswa mara moja kwa pakiti ya betri. Kwa mtu aliyezoea duka la Mangi mtaani, ambako mwenye duka anajua mtoto wako ameanza darasa la ngapi na yuko tayari kukuandikia deni la sukari hadi mwisho wa mwezi, ukimya huu wenye mwendo kasi huchukua muda kuzoeleka.

Sasa malipo, ambayo ndiyo huwavuta wengi wetu. Kima cha chini cha mshahara nchini Ujerumani kilikuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025, na mwajiri wangu alilipa zaidi ya hapo, tena kwa tarehe ile ile kila mwezi bila kukosa. Jumapili maduka hufungwa kwa sheria. Ukiugua baada ya wiki nne za mwanzo za ajira, mwajiri analazimika kukulipa mshahara kamili hadi wiki sita, na kweli nililipwa nilipoteguka kifundo cha mkono. Katika hayo yote sina malalamiko.

Tatizo liko kwenye idadi ya saa. Mkataba wangu wa kudumu ulikuwa wa saa 20 kwa wiki, na karibu wenzangu wote walikuwa na wa namna hiyo, kwa sababu watu wengi wenye saa chache ni rahisi kuwasogeza kuliko wachache wenye saa kamili. Wiki moja ningeitwa hadi saa 34 kwa kuwa fulani anaumwa, wiki iliyofuata nikarudi 20, na kodi ya chumba haikujua tofauti hiyo. Mshahara mzuri wa saa ukizidishwa kwa saa chache ni mshahara mdogo, na hilo halikutajwa kwenye tangazo la kazi. Kulikuwa pia na zile dakika kumi za kuhesabu droo ya fedha kabla ya zamu, ambazo kwa miezi mingi hazikuandikwa popote. Nilipouliza, meneja hakukataa. Alisema tu kwamba ndivyo ilivyo. Mwenzetu mmoja Mturuki, mwenye miaka kumi na minne kazini, ndiye aliyepeleka jambo hilo kwa baraza la wafanyakazi, yaani wawakilishi tuliowachagua wenyewe, na ndani ya wiki tano dakika hizo zikaanza kulipwa.

Kwa mwanafunzi ninaipendekeza kazi hii bila kusita, mradi ahesabu siku zake, kwa kuwa tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku kamili 140 kwa mwaka, na mwajiri hatakuhesabia. Utajifunza Kijerumani cha watu, na kasi ya mikono haitakutoka tena. Kwa mwenye familia ya kulisha, ninaipa nyota tatu kati ya tano: nne kwa malipo, mbili kwa ratiba. Nunua viatu vizuri kabla ya siku ya kwanza. Na kwenye usaili usiulize mshahara, maana umebandikwa dirishani. Uliza mkataba una saa ngapi, muda wa kuhesabu droo unaandikwa wapi, na tawi lina baraza la wafanyakazi au halina. Wakikujibu kwamba saa zitaongezwa baadaye, omba liandikwe kabla hujatia saini.