Mopu ya mpini wa kurefusha inayogeuka dasta: kitambaa safi, loki ndo majanga

Nianze na jibu kwa wale wanaosoma mistari miwili wanaondoka: kama unataka ya kudekia sakafu tu hii mopu iko poa, chukua. Kama umevutiwa na ile picha ya kwenye boksi, dada anatabasamu anafuta feni huko juu hata jasho halimtoki, halafu picha ya pili anadeki kwa mpini huohuo, tulia kwanza usome, manake hizo kazi mbili hazipatani kwenye mpini mmoja na aliyeibuni sidhani kama aliwahi kuzifanya zote mbili mwenyewe.

Jina la kampuni sitaji, dizaini yenyewe unaikuta kwa brandi kibao, zinatofautiana rangi tu. Ni mabomba mawili ya alumini, jembamba linaingia ndani ya nene, unazungusha kulegeza, unavuta, unazungusha tena kubana. Chini kuna sahani bapa ya plastiki yenye shingo inayogeuka kila upande, kitambaa cha maikrofaiba kinashikwa na velkro. Ukitaka dasta unachomoa sahani unaweka kichwa cha manyoya chenye waya ndani, unaukunja unavyotaka. Ikifupishwa yote inanifika kifuani, ikivutwa mpaka mwisho inanipita kichwa.

Mazuri kwanza, na yapo. Mipini ya kawaida imekatwa kwa ajili ya mtu wa wastani ambaye mi sijawahi kumwona, mrefu anadeki kainama na mfupi mpini unamgonga kidevu. Hapa unasimama wima, unaweka ncha ya juu ije kati ya bega na kidevu, mkono wa juu unakaa usawa wa kifua na wa chini karibu na kiuno, bas, mgongo umenyooka. Akija mwingine anaipunguza anaendelea. Uvunguni ndo raha yenyewe, unavuta mpini wote, unaulaza, sahani inapita chini ya kitanda hadi ukutani na wewe uko kwa miguu yako, hujapiga magoti. Na hili la kusimama ndo lilikuwa ugomvi tangu zamani, yule injinia Mhispania Manuel Jalón alipotoa mopu yake na ndoo ya kukamulia mwaka 1956 shabaha ilikuwa watu waache kusugua sakafu kwa magoti. Mmarekani Thomas W. Stewart naye alishapata hataza (hati ya kulinda ubunifu) ya mopu ya kubadilisha kichwa mwaka 1893, kwa hiyo msidanganywe na neno "mpya" kwenye boksi, kichwa cha kubadilisha kina zaidi ya miaka 100. Kilichoongezeka ni mpini kurefuka, na shida yote iko hapohapo.

Sasa loki, yaani kile kinachoshika mpini ubaki kwenye urefu uliouchagua. Ukilichomoa bomba jembamba lote (linatoka, vuta kwa nguvu kidogo huku unazungusha upande wa kulegeza) utaona mwishoni kuna kidude cha plastiki. Kina mhimili ambao haujakaa katikati, uko pembeni kidogo, na juu yake kuna pete. Ukizungusha bomba, ile pete inasogea upande mmoja inajikandamiza kwenye ukuta wa ndani wa bomba nene, na huo msuguano tu ndo unaozuia mpini usizame. Hakuna pini, hakuna tundu, hakuna jino. Plastiki inasugua alumini, mwisho wa habari. Loki za kuzungusha zinazotegemea msuguano ziko pia kwenye baadhi ya fimbo za kupandia milima na stendi za kamera, na kwenye fimbo zinafanya kazi vizuri kwa sababu fimbo unaikandamiza chini moja kwa moja, huizungushi.

Kudeki unazungusha! Angalia mikono yako siku ukideki, mtu hasukumi mbele na nyuma tu, anachora nane, kwenye kila kona kifundo cha mkono kinajipinda ili sahani igeuke. Mkono wa juu umeshika bomba nene, wa chini umeshika jembamba, kila kona unazungusha mabomba mawili kinyume, kona moja unabana kona inayofuata unalegeza, na unaolegeza ndo unashinda siku zote sijui kwa nini, halafu ukifika kwenye doa sugu ukakandamiza, mpini unazama ghafla na wewe unaufuata. Mara moja nimekutana uso kwa uso na ukingo wa ndoo. Ukibana zaidi ile pete inalika, na ikishalika inazunguka tu bure ndani, hushiki kitu.

Lakini kilichonifungua macho ni kwamba ilianza kuteleza sana baada ya kuitumia kama dasta. Bomba nene liko juu, kwenye mshiko, jembamba linatokea chini yake. Ukideki, mdomo wa bomba nene unaangalia chini, kwa hiyo maji yakitiririka kwenye mpini yanapita nje, dizaini nzuri kabisa. Ukigeuza mpini kichwa kikae juu ufute feni au utando wa buibui, mdomo uleule sasa unaangalia dari uko wazi, na vumbi lote unalolibomoa linadondokea humo, na kama umelowesha kitambaa kufuta juu ya kabati hata maji yanaingia. Yanakwenda wapi? Kwenye ile pete. Vumbi na unyevu vinakuwa tope laini katikati ya plastiki na alumini, msuguano umekwisha. Kwa maneno mengine kazi ya dasta inaua loki ambayo mopu inaitegemea, na ni tatizo la kipande cha mpira tu cha kuziba pale mdomoni, kimpira chembamba kinachopangusa bomba likiingia. Hawajaweka.

Nikaja kwenye shingo. Sakafuni unataka shingo laini, inayofuata mkono bila ubishi, na hii ni laini kweli, inageuka pande zote, kwenye miguu ya meza inajipitisha yenyewe. Sasa inua sahani hiyohiyo ufute ukuta wa juu au vigae vya bafuni, inalala kama shingo ya kuku aliyechinjwa, unaigonga ukutani ikae sawa, ukiiondoa inalala upande wa pili. Shingo ya kudekia inatakiwa ilegee na shingo ya kufutia juu inatakiwa ikaze, na hakuna katikati ya kuwaridhisha wote. Dawa ingekuwa kiskrubu cha mkono pembeni ya shingo, ukazi unauamua mwenyewe. Kichwa cha dasta chenye waya angalau kinashika umbo unalokikunja, juu ya feni unakikunja kama ndoano kinalala juu ya panga lote, hapo sina neno, ila kunja palepale siku zote na ule waya utakatika, ndo tabia ya waya.

Uzito nao. Kwenye boksi wameandika nyepesi, na mopu nzima ukiibeba mkononi ni nyepesi kweli, lakini unaposhika mpini uliovutwa umeulaza mbele kufikia mbali habari inabadilika. Piga hesabu: kichwa cha gramu 300 kikiwa mita 1.5 mbele ya mkono wako wa mbele, na mkono wa nyuma uko sentimita 30 nyuma yake, mkono wa nyuma unatakiwa usukume chini kwa nguvu ya kilo 1.5 na wa mbele unabeba kilo 1.8, hapo mpini wenyewe sijauhesabu. Na kitambaa kikiloa unaongeza, maji lita moja ni kilo moja. Ndo maana mabega yanawaka baada ya kufuta dari dakika chache na mtu anajiona mvivu kumbe ni fizikia. Kwa kazi ya juu simama karibu, mpini ukae karibu na wima, acha mifupa ibebe.

Kuna kitu kingine cha urefu ambacho hawakiandiki. Ukivuta mpini mpaka mwisho, sehemu iliyobaki ndani ya bomba nene ni fupi sana, na ndo inayoshikilia mabomba yasicheze. Yangu ikivutwa yote inatingishika pale kwenye maungio unaisikia tak tak tak kila ukigeuza. Ilitakiwa kuwe na alama ya mwisho, mstari mwekundu hivi, usivute kupita hapa. Mi nimeiweka mwenyewe kwa makapeni, kiganja kimoja kabla ya mwisho, mtingishiko umepungua sana. Na msiipige bomba jembamba kwenye kona ya ukuta wala kuikanyaga, alumini haishiki kutu kama chuma ila inabonyea kirahisi, na likishabonyea hata kidogo haliingii tena ndani. Za chuma zilizopakwa rangi ni ngumu zaidi ila rangi mara nyingi iko nje tu, ndani maji yakiingia kutu inaanza kimya kimya mpaka uone michirizi ya kahawia kwenye kitambaa.

Kama tayari unayo na inateleza usiitupe kwanza. Chomoa bomba lote, futa ile pete na mhimili wake kwa kitambaa kikavu, funga kitambaa kingine kwenye kijiti ukipitishe ndani ya bomba nene mpaka kitoke kisafi, acha zikauke kabisa, rudisha. Usipake mafuta! Naona watu wanashauri mafuta ya cherehani eti iteleze vizuri, iteleze ndo ugonjwa wenyewe jamani. Yangu nikiisafisha hivyo inashika vizuri kwa muda, kisha nikifuta feni tena inarudi kulekule. Pete ikishalika hakuna spea, vitambaa vya akiba vinauzwa pakiti kwa pakiti lakini kale ka plastiki kanakobeba kazi yote hakauzwi popote, na hilo ndo limeniudhi kuliko yote.

Loki nyingine nimeshika za watu. Ya kitufe, kile kinachochomoza kwenye tundu, haizami hata ukilalia, na haizunguki, ila urefu unapangiwa na matundu, ukitaka katikati hupati. Ya klipu, unayofungua na kufunga kwa kidole, unapata urefu wowote, iko nje unaiona, na ina skrubu ya kukaza ikianza kulegea, ubaya wake inauma ngozi ukiifunga vibaya na inakwaruza kidogo mkono unapoteleza juu yake. Kwa mopu mi ningechagua klipu bila kufikiri. Tena kama kuna mtu anabuni hizi vitu, bomba lisiwe duara kamili, liwe na mfereji mmoja wa urefu mzima au upande mmoja bapa, hapo mabomba hayawezi kuzungukana kabisa, na loki inabaki na kazi moja tu ya kuzuia kuzama. Loki yangu inakufa kwa sababu imepewa kazi mbili.

Kitambaa sina malalamiko kabisa. Maikrofaiba nyingi ni poliesta iliyochanganywa na poliamaidi, nyuzi zimepasuliwa nyembamba mno, ndo maana inabeba vumbi hata kavu na vigae vinabaki bila michirizi. Fua kwa sabuni ya kawaida, usiweke dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inazipaka zile nyuzi na kitambaa kinaanza kusukuma maji badala ya kuyanyonya, usiweke klorini, usichemshe, na usiifue pamoja na mataulo ya pamba, itatoka na vinyuzinyuzi vyote. Velkro ya kwenye sahani inajaa nywele mpaka kitambaa kinaanza kuchomoka upande mmoja, mswaki wa zamani unazitoa.

Basi ukienda kununua usiangalie rangi. Vuta mpini robo tatu, bana kwa nguvu zako za kawaida, simamisha sakafuni kandamiza, kisha shika juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine zungusha kinyume kama unakamua nguo. Ikizunguka hapo dukani ikiwa mpya na kavu, rudisha kwenye rafu. Muulize muuzaji kama ana spea ya loki, wengi watakuangalia tu. Halafu igeuze kichwa juu, uone shingo inafanya nini.

Yangu sasa hivi ni ya sakafuni tu, nimeibana urefu wangu siigusi tena. Ya juu nimechukua mpini mwingine wa klipu, dasta yangu imeingia kwa bahati kwa sababu nyuzi za skrubu zimelingana, hilo nalo lipimeni kabla ya kununua kichwa peke yake, manake mipini ya sehemu tofauti za dunia ina nyuzi tofauti na haiingiliani hata ulazimishe vipi.