Mkahawa wa makuti, chakula cha haraka haraka: uzoefu wangu nje kidogo ya Nairobi

Mandhari ya mkahawa huu, ulio upande wa kuelekea Ngong, sina neno nayo: paa la makuti, viti vya magogo, chemli mezani, vibuyu ukutani. Shida iko jikoni.

Tuliagiza mbuzi kilo moja na nusu, mguu wa mbele na mbavu, kwa shilingi 1,800 kilo. Kwenye buchari inayojiheshimu unachagua nyama ikiwa bado kwenye ndoano, inapimwa mbele yako, ndipo inakabidhiwa mchomaji. Hapa tulipewa menyu tu, na dakika 25 baadaye nyama ikatua mezani kwenye ubao. Mguu mzima juu ya makaa yaliyotulia unataka saa moja na zaidi, ukigeuzwa kila mara. Kwa dakika 25, hiyo ni nyama iliyochemshwa mapema, ikawekwa, kisha ikaonyeshwa moto mkali ipate rangi. Na ilijionyesha: nje masizi yanayochafua vidole, ndani kijivu, nyuzi zinaachana zenyewe lakini hazina utamu, mafuta ya mbavuni bado meupe na yanateleza. Mafuta yakidondokea makaa ambayo bado yana ndimi za moto, moto unaruka na kuipaka nyama masizi. Mchomaji mzuri husubiri makaa yavae majivu kwanza. Kuhusu uzito, mbuzi akichomwa hupungua robo hadi theluthi, kwa hiyo kama hukuiona mizani huna la kudai.

Kuku wa kienyeji? Mfupa wa paja ulivunjika kwa vidole, kidari kinene na cheupe. Huyo ni kuku wa gredi, yaani wa kisasa anayekuzwa haraka kwa ajili ya nyama, aliyeuzwa kwa bei ya kienyeji. Kienyeji aliyekomaa ana mfupa mgumu na nyama iliyoshikana, na huchemshwa saa moja au zaidi kabla ya kukaangwa.

Mukimo (viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani) ulikuwa wa kijani kweli, ila mahindi yalikuwa magumu. Mahindi makavu hulowekwa usiku kucha, kisha yakachemshwa hadi yapasuke. Viazi na majani ya malenge huingia mwishoni. Managu, yaani mboga ya mnavu, yalikaangwa na nyanya na kuachwa machungu, bila kumwagwa maji ya kwanza wala kutiwa maziwa. Ugali ulikuwa na ukoko mkavu juu na unga mbichi katikati: uliondolewa motoni mapema, ukaachwa ukingoja wateja. Lita moja ya maji kwa karibu nusu kilo ya unga, usongwe vizuri, ufunikwe kwenye moto mdogo dakika chache. Si kazi kubwa hiyo.

Supu ya mifupa, kwa haki yake, ilikuwa nzuri: nzito, moto, pilipili kando. Kachumbari pia haikuwa imetiwa chumvi mapema, kwa hiyo haikuogelea majini.

Bili iliongezwa asilimia 10 ya huduma, iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa vinywaji. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu. Lawama si yake.

Ukiamua kwenda, piga simu saa mbili kabla, uagize kuku na uulize kama ni wa kienyeji kweli. Ukifika, omba kuona nyama ikipimwa ikiwa mbichi. Wakikataa, agiza supu na chapati, unywe chai.