Kozi ya usimamizi wa viwanja vya ndege: darasani safi, fildi (mafunzo ya vitendo) wametuchezea

Nimemaliza kozi ya usimamizi wa viwanja vya ndege hapa Dar, chuo binafsi, jina naliacha, ila kwa vile watu wananiuliza sana inboksi bora niandike mara moja. Kwanza wale mnaotaka urubani au kuhudumia abiria angani hii siyo yenu kabisa, kwetu kuna waliokuja wakijua watapewa sketi na skafu, wakasikia habari za mizania na tozo wakapotea mazima.

Hii ni biashara na sheria. Na kipande cha mapato peke yake kimerudisha ada yangu. Mfano ada ya kutua inapigwa kwa uzito wa juu ambao ndege imeruhusiwa kuruka nao, sio uzito iliokuja nao siku hiyo, kwa hiyo ikija na viti vitupu inalipa vilevile, halafu kuna tozo ya abiria ambayo unailipa ndani ya tiketi wala huna habari, halafu kuna upande mwingine kabisa wa kodi za maduka, mabango, paking, migahawa, na huko ndo meneja mjanja anakotokea. Mwalimu wetu, mzee mstaafu wa kiwanjani, akatupa jengo la tatu la abiria la JNIA, yaani uwanja wa Julius Nyerere hapa Dar, limefunguliwa 2019, uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka, akauliza wakija pungufu unafanyaje, maana umeme na viyoyozi havijui abiria ni wangapi. Hapo tulibishana balaa. Siku nyingine ikawa KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ilivyokabidhiwa kampuni ya uendeshaji ya KADCO 1998 na serikali ikaja kuchukua hisa zote 2009, nusu darasa wanatetea kampuni nusu serikali, mzee anacheka tu.

Sheria jiandae kusinzia, Kiambatisho namba 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni kirefu na kikavu ila kina mambo yake, kama zimamoto kutakiwa kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3, na daraja lao kupangwa kwa urefu wa ndege zinazotua hapo na upana wa kiwiliwili chake. Hata zile namba 05 na 23 zilizochorwa kwenye njia ya kurukia pale JNIA ni nyuzi za dira zilizokadiriwa kwenye kumi iliyo karibu, zikakatwa sifuri ya mwisho.

Sasa machungu. Tangazo lilisema fildi uhakika, tulipomaliza tukapewa barua tukaambiwa kila mtu ajitafutie, na mnajua huko ndani huingii bila kitambulisho cha usalama ambacho kina mlolongo wake, kwa hiyo barua ikichelewa wiki mbili muda wa fildi umeliwa, wenzangu wengine wameishia ofisi za tiketi mjini. Na ule mtihani wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, walioupamba kwenye bango unalipiwa pembeni, tena kwa dola. Slaidi nazo za zamani, bila yule mzee ningedai hela yangu.

Kama tayari uko kago, kliaring (utoaji mizigo forodhani) au tiketi, soma tu, itakupandisha. Kama unaanzia sifuri linganisha kwanza na CATC, chuo cha mamlaka ya usafiri wa anga TCAA, na NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na popote utakapoenda omba namba za waliomaliza mwaka jana uwaulize fildi walifanyia wapi. Wakianza kuzunguka kukupa, ada usilipe.