Chokaa ya mfuko kwenye ukuta unaotoa shura (unga mweupe wa chumvi): uzoefu wangu

Nimeitumia chokaa ya mfuko wa kilo 25 kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, nyumba ya mawe ya zamani huku Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ukikosea kidogo tu inachafua nguo, na kwa sababu mfuko wa kwanza niliouziwa haukuwa wa kazi hii kabisa.

Dukani ukisema "chokaa" tu, unaweza kupewa ya shambani, ambayo ni mawe yaliyosagwa tu. Hiyo haishiki ukuta hata uipake mara kumi. Sema unataka ya kujengea, iliyochomwa ikazimwa kwa maji. Ukiiloweka inalainika kama mtindi; ile ya shambani hutuama chini kama mchanga. Bonyeza mfuko kabla hujalipa: ukihisi mabonge magumu, imeshaingia hewa, iache hapo hapo.

Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini, na unyevu hubeba chumvi. Ukiyaziba kwa rangi ya plastiki au plasta ya saruji, maji hukosa pa kutokea, chumvi huganda nyuma na kuisukuma rangi. Kwanza malengelenge, kisha magamba. Chokaa huacha ukuta upumue. Wazee walichoma matumbawe hayo hayo kupata chokaa yao, si ajabu vinaelewana. Lakini haizuii maji. Doa likiwa juu karibu na dari, tafuta bati lililotoboka au bomba linalovuja kwanza.

Kazi yenyewe ni kukwangua, kupaka ni rahisi. Rangi ya zamani itoke yote. Rusha maji ukutani: yakiteremka kwa matone, bado imo, yakinywewa palepale, endelea. Shura ifagie ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, uizoe ukaitupe nje. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani, baada ya siku chache iko pale pale.

Mashimo nilijaza kwa kopo 1 la chokaa na makopo 3 ya mchanga, unene usizidi sentimita 1 kwa mara moja. Mchanga uwe wa mto. Wa ufuoni una chumvi, na chumvi ndiyo uliyokuwa ukiifukuza.

Ya kupaka: tia maji kwenye ndoo kwanza, kisha nyunyiza kilo 8 za chokaa, funika, ilale hadi asubuhi. Ichuje kwa kipande cha kanga kuukuu, ongeza maji mpaka ifike lita 20 hivi, iwe nyepesi kama maziwa. Ukitaka rangi, oksaidi (unga wa rangi) isizidi gramu 50 kwa kila kilo ya chokaa, na ujaribu pembeni kwanza kwa sababu ikikauka hupauka sana.

Lowesha ukuta, upake kwa brashi pana. Mkono wa kwanza, yaani ukipaka mara ya kwanza, utadhani umepaka maji matupu. Vumilia, weupe huja ukikauka. Watu huharibu hapa, wanaifanya nzito ili isitiri upesi, inapasuka na kubaki unga unaoshika nguo. Nilipiga mikono minne, siku moja kati ya mmoja na mwingine. Wa kwanza ulikunywa kama lita 7, iliyofuata kati ya 4 na 5 kila mmoja. Wakati wa kaskazi funga dirisha linaloingiza upepo na unyunyizie maji jioni, maana ikikauka haraka haishiki. Masika, ahirisha.

Vaa glavu na miwani. Inaunguza, ikiingia jichoni osha kwa maji mengi mfululizo, kisha uende hospitali.

Bei ya mfuko haikufika ya kopo la lita 4 la rangi ya silki, na karibu nusu imebaki. Hiyo nusu usiiache mfukoni. Iloweke kwenye ndoo yenye kifuniko, maji yaifunike vidole viwili. Hukaa miezi na huzidi kulainika.