Dragi ya "usiifungue kamwe" imenipotezea mbuta (sangara), na yule kijana wa duka ndio bado simsamehei

Wadau wa ndoano, hii kitu nimekaa nayo kifuani karibu mwezi mzima, leo naitoa. Mambo ya uzito, gia na rangi mtasoma kwa boksi. Mimi naongea dragi peke yake, yaani breki ya rili, ile mashine ya uzi kwa fimbo, kwa sababu ndio ilifanya nitoe pesa na ndio iliniangusha.

Mimi navua kutoka Kisumu lakini nikitaka mbuta wa maana navuka na feri ya Luanda Kotieno mpaka Mbita, alafu tunazunguka na boti upande wa Rusinga. Rili yangu ya zamani washa zake, zile pete bapa za breki, zilikuwa za kile kitambaa kizito kama cha kofia, maji yakiingia tu breki inabadilika, leo inateleza kesho inashika. Sasa hizi mpya za bahari wameweka washa za kaboni na wakazifungia ndani na sili ya mpira, ati chumvi haiingii, mchanga hauingii, na wewe usiguse. Nikasema kama inavumilia bahari, ziwa itakuwa nini? Nikanunua Nairobi, na pesa haikuwa kidogo.

Miezi ya kwanza ilikuwa tamu, siwadanganyi. Alafu kuna jioni, kama mwezi wa tano hivi, rili ilikuwa imekaa nyumbani wiki mbili tatu, mbuta akashika. Fimbo ikakunjika mpaka majini. Mtu yeyote amevua anajua hapo unangoja sauti gani, rili inafaa kulia, uzi unatoka, samaki anakimbia na wewe unapumua. Haikulia! Ikashika kama imechomelewa, alafu ikaachilia kwa nguvu, kriii kidogo, ikashika tena, na hapo mbuta akaruka akatingisha kichwa, nikauona huo mdomo kama beseni, uzi ukakatika. Mwenye boti akasema tu, "Omera, pole." Hatukuongea tena mpaka ufuoni.

Watu husema dragi ni ya kushika samaki. Si kweli, dragi ni ya kuachilia uzi kabla haujafika pale unapokatikia. Uzi unaokatikia kilo 22, breki unaipima kilo saba hivi, theluthi moja, na hiyo saba iwe saba wakati samaki anaanza na saba wakati anaendelea. Kama kuanza kunataka nguvu mara mbili, hiyo si breki, ni mtego.

Basi nikapanda basi ya usiku na rili kwa begi, nikarudi lile duka la Nairobi. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kutoka kwa simu. "Mzee, hii ni ya bahari. Wewe umepeleka ziwa, waranti hakuna." Nikamwuliza kwa upole kabisa, kati ya maji ya chumvi na maji ya ziwa, ni gani yanakula chuma? Akageukia mwenzake akasema, "Hawa ni watu wa omena." Wakacheka, wote wawili.

Watu wa omena, yaani dagaa. Jameni. Hao wavuvi wanakesha na taa katikati ya ziwa usiku mzima, baridi na upepo, ndio mama zetu wapate cha kuanika na kuuza, na mimi nimesoma kwa hiyo omena. Nilitoka hapo mikono inatetemeka. Hata wangenipa rili mpya siku hiyo ningeiacha kwa kaunta.

Nikirudi Kisumu nikaenda ufuo wa Dunga, mama mmoja muuza samaki akaniazima mizani yake ya ndoano. Nikafunga uzi kwa mizani, kijana mmoja wa hapo akashika fimbo, nikavuta polepole. Sindano ikapanda mpaka kumi na moja ndio spuli, ile gurudumu ya uzi, ikasonga, alafu ikaanguka sita. Nikarudia mara nne nikiangalia hiyo sindano, hadithi ni ile ile. Yule mama akaniambia, "Hata mimi nimeona, baba, inakataa kwanza."

Mpwa wangu anafanya kazi kwa boti za kuvua sulisuli huko Watamu, pwani, nikampigia video. "Mjomba, ifungue, hakuna uchawi hapo." Tukatoa nobu, kile cha kukazia breki, tukatoa sili, washa zikatoka moja kaboni moja chuma, moja kaboni moja chuma. Mbili za kaboni zilikuwa kavu kama karatasi, na grisi yote imejikusanya pembeni kwa moja. Grisi ya dragi alinitumia kwa parseli, ya baiskeli alinikataza kabisa. Unapaka, unapangusa, ibaki kung'aa tu. Pia akaniuliza kama huwa nalegeza nobu nikimaliza kuvua. Silegezi, hakuna mtu aliniambia, si waliandika nisishughulike nayo?

Mizani tena: saba kuanza, sita na nusu ikiendelea. Hiyo Jumamosi tukatoa mbuta wa kilo kumi na nne na uzi ulikuwa unatoka laini, kama mtu anamwaga mafuta. Hapo moyo wangu ukageuka, maana hii mashine ni nzuri, kaboni ni nzuri, sili pia ni nzuri kwa mtu wa bahari. Nilikuwa nimeandika nyota moja nikabadilisha nne.

Lakini nikikumbuka "usifungue" nashuka tena mbili. Kitu ambacho kinakauka ndani huwezi kumwambia mvuvi asikifungue, hasa mvuvi ambaye fundi wa karibu yuko mbali zaidi ya kilomita mia tatu na anacheka. Labda mimi nilipata moja iliyopakwa vibaya, sawa, inawezekana. Kama uko nayo chukua mizani upime kabla ya kutoka, usingoje mbuta akupimie.

Nauliza tu, kuna mtu anauza grisi ya dragi hapa Kisumu? Kikopo changu kimebaki robo na Watamu ni mbali.