Kliniki ya mifupa mjini, hapa dokta anauliza kwanza ndio anaandika dawa

Mamangu ana miaka 67, mwaka jana aliteleza msalani akajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika. Hospitali ya kwanza wakapiga eksirei wakafunga plasta, wiki sita wakafungua, haya nendeni. Hakuna aliyejiuliza mfupa unavunjikaje kwa mtu aliyekuwa amesimama tu. Pahali pa pili tukauziwa makopo ya kalsiamu kila mwezi, bei juu, kipimo hata kimoja hakikufanywa. Iliniuma sana yaani.

Hapa nilielekezwa na jirani yetu wa Likoni. Dokta alikaa na mama karibu saa nzima, akamuuliza hedhi ilikoma lini, nyumbani kwao kuna aliyevunjika nyonga, na dawa za pumu alizokuwa akimeza. Mama alimeza prednisolone miaka na miaka, akibanwa anameza, na hakuna aliyewahi kutwambia zile zinakula mifupa! Kisha akamwambia, "Mama, vua viatu usimame hapa ukutani," akampima urefu. Amepungua. Hapo mama ndio akasema buibui zake siku hizi zinaburura chini, amekuwa akizipeleka kwa fundi kukunja pindo akidhani kitambaa kimelegea. Mimi machozi yalinilenga wallahi, kumbe ni pingili za mgongo zinakaa chini na sisi tuko naye nyumba moja hatuoni.

Mashine ya DEXA, ile ya kupima uzito wa mifupa, hawana, wanakupa barua unaenda kupimwa kwengine unarudi na majibu. Alama yake (T-score) ilikuja -2.9, na ukifika -2.5 kushuka chini ushaitwa mgonjwa wa osteoporosisi, yaani mifupa imekuwa dhaifu. Kabla ya dawa akapimwa figo na vitamini D, na meno pia yakaangaliwa, ndio akaanzishwa dawa ya mifupa, alendronate 70mg mara moja kwa wiki. Nesi alimueleza mpaka akaelewa: asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, maji matupu glasi nzima, si chai si maziwa, halafu nusu saa akae wima asijilaze maana inachoma koo. Mama kila Jumatatu anameza akimaliza kuswali alfajiri, anakaa barazani na tasbihi yake mpaka muda upite.

Ubaya upo. Ngazi ni ndefu na lifti hakuna, watu wa mifupa jamani! Wazee wanapanda wakishikiliwa huku na huku, hilo walitengeneze haraka. Foleni nayo, tuliambiwa saa nne tukaingia saa saba. Sisi tulilipa keshi, wewe wa bima ya SHA piga simu uulize kabla hujavuka feri.

Ukija beba dawa zote za zamani kwa mfuko, hata paketi tupu, na eksirei zenu. Dawa ya mama ilijulikana kwa paketi tupu.